Gia Inacheza: Alipwe Anayebadilisha au Anayepima?

Mitaa ya Sanaiya, eneo la viwanda la Doha lililo kusini-magharibi mwa jiji, haijulikani kwa majina bali kwa namba. Anayetafuta gereji huelekezwa kwa namba ya mtaa, kisha kwa duka la chai lililo mkabala. Humo ndimo yanamotengenezewa malori ya mchanga, teksi, pikapu za makampuni, na pia magari ya michezo ambayo wenyewe huyapeleka uwanja wa Lusail kuyakimbiza. Na katika gereji hizo, katikati ya Kimalayalam, Kiurdu, Kinepali na Kiarabu, Kiswahili nacho kinasikika: mafundi wa Mombasa, wa Dar es Salaam, wa Kampala.

Swali ninalolileta hapa lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Gari la michezo la gia za mkono limekuja gereji, liva yake imelegea. Fundi aanze na nini: kubadilisha vipuri au kutafuta mahali ulegevu unapoanzia? Na saa atakayoitumia kutafuta, nani ailipe? Hoja za pande zote nimezipa sauti nne. Sauti hizo hazina majina kwa sababu ni hoja za watu wengi. Gari lenyewe tuseme ni BMW M3 ya umbo la E46, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2006: silinda sita mstari mmoja, lita 3.2, gia sita. Mwenye nalo ni mhasibu kutoka Dar. Fundi ni mtu wa Mombasa. Muuza spea ni wa Nairobi. Wa nne ni msimamizi wa gereji, naye Mtanzania.

MWENYE GARI: Fundi, shida yangu hii hapa. Gari likiwa frii, liva inayumba kushoto na kulia kama haijashikwa na kitu. Nikiwa gia ya nne nikitaka ya tano, mkono unasita, sina uhakika naingia wapi. Nimeshaamua: nataka liva fupi, zile za mashindano. Toa hii, weka hiyo, tumalize.

MUUZA SPEA: Na mimi ninayo, bosi. Kiti kamili, liva na bushi zake. Wengi wanachukua. Ukishaifunga, gia inakuwa ngumu mkononi, unasikia kabisa kwamba umeingiza.

FUNDI: Kaka, subiri kidogo. Kabla hujanunua, nijibu. Ukiingiza gia, inakwaruza? Inaruka yenyewe na kurudi frii ukiwa barabarani? Ukikanyaga mafuta halafu ukaachia ghafla, liva inasogea mbele na nyuma? Na ukizima injini, gia zinaingia kwa ulaini uleule, au zinakuwa nyepesi zaidi?

MWENYE GARI: Haikwaruzi. Hairuki. Ya kusogea sijaangalia. Injini ikizimwa ni vilevile.

FUNDI: Basi umeshaniondolea nusu ya kazi. Ingekuwa ngumu injini ikiwaka na nyepesi ikizimwa, ningekwenda kwenye klachi kwanza, niangalie mafuta yake, niangalie kama inaachia yote. Ingekuwa inakwaruza, ningeifikiria sinkronaiza. Ingekuwa inaruka, ningeogopa mambo ya ndani ya giaboksi: uma zinazosukuma gia, au zile pini za springi zinazoishikilia gia isichomoke. Yako haina dalili hizo. Yako inacheza tu. Na kinachocheza mara nyingi kiko nje ya giaboksi, hapa katikati.

MSIMAMIZI: Fundi, maneno mazuri, lakini lifti iko moja na gari la pili linasubiri. Nje hatuwezi kufanya kazi mchana. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, sheria imekataza kazi za juani, na ni haki. Kwa hiyo kila saa ya lifti nina hesabu nayo. Mteja ameomba liva. Mpe liva.

Msimamizi huyu asidharauliwe. Hesabu yake ni ya kweli. Gereji inalipa kodi, inalipa umeme wa feni na kompresa, na mteja akipewa risiti yenye jina la kipuri anailipa bila kinyongo. Risiti iliyoandikwa "kupima" humfanya aulize alichonunua ni nini. Ndiyo maana katika gereji nyingi, si za Doha pekee, upimaji unatolewa bure. Kitu kikishatolewa bure, kinafanywa haraka au hakifanywi kabisa.

FUNDI: Nipe muda wa kunywa chai, bosi. Kaka, kaa kwenye kiti, injini zima, vuta handbreki. Mimi nitakuwa chini na tochi. Nikisema tikisa, tikisa taratibu. Usitumie nguvu. Nguvu inaficha.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kiini cha mambo. Gari limepandishwa. Fundi ameegemeza kichwa karibu na bomba la ekzosi, ambalo kwenye gari hili hupita chini ya handaki lilelile linalobeba giaboksi na propela shafti. Juu ya bomba kuna bati la kuzuia joto. Juu ya bati ndipo ilipo fremu nyembamba inayobeba liva. Mbele, fremu hiyo imefungwa kwenye giaboksi kwa pini zenye bushi za mpira. Nyuma, imeingia kwenye bushi moja iliyokaa kwenye bodi la gari. Liva yenyewe ina tufe, na tufe limekaa ndani ya kikombe cha plastiki. Sehemu ya chini ya liva imeshikana na rodi ya selekta, na rodi hiyo huenda hadi kwenye jointi ndogo iliyofungwa kwa pini kwenye shafti inayotoka ndani ya giaboksi. Kila kiungo kina washa za plastiki na klipu ndogo.

Fundi anaweka kidole gumba penye jointi, nusu kidole juu ya rodi, nusu juu ya shafti ya giaboksi. Anasema tikisa. Rodi inasogea, shafti imetulia. Anasema tena, rodi inasogea, shafti bado imetulia, kisha ndipo inafuata. Ule upana wa kusogea kabla ya shafti kufuata ndio ugonjwa wenyewe, na anausikia kwa ngozi ya kidole kabla hajauona. Anahamisha kidole hadi kwenye bushi ya nyuma ya fremu. Tikisa. Fremu yote inapanda na kushuka, na mpira umepasuka mduara mzima. Anahamia kwenye kikombe cha tufe. Kiko sawa. Anashika mauntingi za giaboksi na kuzisukuma kwa mkono, halafu kwa kipande cha mbao. Ziko imara.

FUNDI: Basi. Tufe zima, mauntingi nzima, shafti ya giaboksi haina mtikisiko. Jointi ya mbele imekula washa zake, na bushi ya nyuma ya fremu imekwisha. Hivyo viwili. Liva yako haina kosa lolote.

MWENYE GARI: Lakini mkononi mwangu inayumba sana, fundi. Kitu kidogo hivyo kinaweza kuleta yote haya?

FUNDI: Piga hesabu. Tuseme kutoka kwenye tufe kwenda juu hadi kichwa cha liva ni sentimita 25, na kutoka kwenye tufe kwenda chini hadi rodi ni sentimita 5. Milimita moja ya ulegevu huko chini inakuwa milimita tano mkononi. Zikiwa mbili, mkononi ni kumi. Ongeza fremu inayopanda na kushuka. Ndiyo maana unaona kama gari zima limelegea.

MUUZA SPEA: Sasa mzee, umesema mwenyewe. Liva fupi inapunguza hiyo hesabu. Juu ikiwa fupi na chini ikiwa ndefu, mchezo wa mkononi unapungua. Sijamdanganya mteja.

Muuza spea hakukosea. Liva fupi kweli hupunguza kuyumba kunakosikika mkononi. Lakini ulegevu wa kwenye jointi haupungui hata unywele. Washa zilizolika zinabaki zimelika, bushi iliyopasuka inaendelea kupasuka, na kwa kuwa liva fupi inataka nguvu zaidi kuingiza gia, viungo vilevile vilivyochoka sasa vinabeba mzigo mkubwa zaidi. Dereva atasikia nafuu na atalipa kwa furaha. Baadaye jointi itakwisha kabisa, naye atadhani liva mpya ni mbovu.

FUNDI: Na kuna hatari yenyewe. Kaka, unalipeleka Lusail?

MWENYE GARI: Mara mojamoja, siku wanazofungua kwa watu binafsi.

FUNDI: Njia iliyonyooka pale ina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Unaishia gia ya nne, mizunguko 7,500, unataka ya tano. Liva inayumba, mkono unaingia ya tatu. Gia ya tatu ya gari hili ina uwiano wa 1.67, ya nne 1.23. Injini ambayo mwisho wake ni mizunguko 8,000 utaizungusha kupita 10,000. Kompyuta ya gari inakata mafuta ukikanyaga kupita kiasi, lakini haiwezi kuzuia magurudumu yakiizungusha injini. Vali na pistoni zinaweza kukutana. Hapo hutanunua bushi, utanunua injini.

Hoja hii peke yake inatosha kumnyima usingizi mtu mwenye gari la aina hii, na sioni jibu lake. Gia iliyolegea kwenye gari la kwenda sokoni ni kero. Kwenye gari linalozungusha injini hadi 8,000, ni hatari kwa injini na kwa dereva.

MWENYE GARI: Nikuulize bila kukukosea heshima, fundi. Nyumbani M3 hizi ni za kuhesabika. Umejifunzia wapi? Nisije nikawa nakuamini kwa sababu tu tunazungumza lugha moja.

FUNDI: Swali la haki hilo. Mimi nimelelewa chini ya Peugeot. Wazee walionifundisha walianza na 404 za gia ya kwenye usukani. Liva iko juu, giaboksi iko mbali huko chini, na kati yake rodi na viungo. Bushi moja ikichoka, gia haipatikani. Abiria wanakungoja, spea hakuna, lazima ujue ni kiungo kipi. Hatukuwa na uwezo wa kubadilisha vyote tukibahatisha.

Na kwa kuongezea jibu la fundi, wenyeji wa Afrika Mashariki si wageni wa magari ya kasi. Ushindi wa mashindano ya Safari Rally ya 1971 ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili na gia za mkono, na ya 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa gari la aina hiyohiyo. Peugeot nazo, 404 na 504, zilishinda Safari zaidi ya mara moja. Magari hayo yalipita katika tope na vumbi la nchi zetu, na mafundi wetu wamekulia kwenye magari ya ukoo huo.

MUUZA SPEA: Sawa, nimekubali la liva. Lakini nina hoja ya pili, na hii usiipuuze. Ili ubadilishe bushi za mbele za fremu na washa za ile jointi, lazima ushushe ekzosi, utoe bati la joto, ufungue propela shafti, uishikilie giaboksi na kuiteremsha kidogo. Hiyo ni kazi. Ukishafika pale, utabadilisha washa za jointi tu na kuacha bushi za mbele, eti kwa sababu bado hazijapasuka? Ni mpira wa umri uleule, umekaa juu ya bomba la moto, katika mji ambao joto la Julai linapita nyuzi 40 siku nyingi mfululizo. Badilisha vyote mara moja.

FUNDI: Hapo tuko pamoja. Nikishafika, nitabadilisha mpira wote wa pale, na sili ya shafti ya selekta nikiona inavuja. Thamani ya vipuri hivyo ni ndogo kuliko kazi ya kuvifikia. Lakini sikiliza tofauti yetu. Wewe unabadilisha vyote ili ugonjwa uwemo humo ndani. Mimi nimeshaujua ugonjwa, kisha nabadilisha jirani zake. Ingekuwa ni mauntingi za giaboksi, ungeshusha ekzosi bure.

MUUZA SPEA: Na bushi uweke ngumu, za polyurethane. Mpira wa kawaida hapa haudumu.

FUNDI: Kwa anayekwenda mashindano, sawa. Kwa huyu anayeendesha kwenda kazini kila siku, zitamletea mtetemo na mlio wa giaboksi hadi kwenye kiti. Mpira umewekwa kwa sababu. Aamue mwenyewe, mimi namwambia atakachosikia.

Kwenye bushi ngumu au laini hawakukubaliana, na sidhani wanahitaji kukubaliana. Kila upande una mteja wake. Ila naunga mkono tabia ya fundi ya kumweleza mteja atakachosikia, kisha kumwachia uamuzi.

Niongeze na hili, kwa sababu wasomaji wengine wana magari ya namna nyingine. Kanuni ni ileile, mahali hutofautiana. Porsche Boxster ina injini nyuma ya viti, kwa hiyo liva inaongea na giaboksi kwa nyaya, na mara nyingi ulegevu hukaa kwenye vishikizo vya plastiki vya ncha za nyaya hizo. Mazda MX-5 ina liva inayoingia moja kwa moja kwenye giaboksi, na kwake unaangalia kikombe kidogo cha plastiki kwenye ncha ya liva, mafuta ya kwenye kishimo chake na kifuniko cha mpira kilichopasuka. Kwa gari lolote kati ya hayo, mmoja anatikisa, mwingine anaangalia ni wapi mwendo unapopotea.

MSIMAMIZI: Mmemaliza? Sasa niambieni. Saa nzima imekwenda. Mteja atalipa washa mbili na bushi kadhaa, na kazi ya kushusha ekzosi. Ile saa ya tochi na vidole naiandika wapi?

MWENYE GARI: Si ndiyo kazi ya fundi hiyo? Mshahara anao.

MSIMAMIZI: Unaona, fundi? Hivyo ndivyo wanavyosema wote.

FUNDI: Mshahara ninao, kaka, ni kweli. Lakini ule muda nilioutumia kujua umekuokoa na liva ambayo hukuihitaji. Leo umetaka kutoa pesa ili chuma kizima kibadilishwe kwa chuma kizima. Aliyekuzuia ni nani?

Hapa nasimama na fundi, na nasema wazi. Tangu Machi 2021, sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe. Ni hatua, na ni sheria inayomhusu kila mfanyakazi wa kigeni. Lakini mshahara wa mwezi una tabia moja: unafanya saa ya fundi ionekane haina bei. Mwenye gereji anajua bei ya bushi, anajua bei ya oili. Saa ya kufikiri haimo kwenye daftari lake, kwa hiyo kila anayeitumia anaonekana anachelewesha kazi. Fundi mwenye kidole cha kusikia milimita moja analipwa sawa na yule anayefungua bolti na kufunga, na baada ya muda naye anaacha kusikia.

Msimamizi atauliza: mteja akikataa kulipa upimaji, aende gereji ya jirani ambako ni bure, nifanyeje? Ni swali gumu, maana gereji ya jirani ipo mlango wa pili. Jibu langu ni kwamba upimaji uandikwe kwenye risiti kwa jina lake na bei yake, hata kama ni ndogo, na matokeo yake yaandikwe pia: kilichoonekana kibovu, kilichoonekana kizima. Karatasi hiyo ni mali ya mteja. Anaweza kwenda nayo kwingine akitaka. Atakayeisoma na kuona "tufe zima, mauntingi nzima, jointi ya mbele imelika" ataelewa amelipia nini.

Na kwako wewe mwenye gari la gia za mkono, uwe Doha, Muscat, Nairobi au Dar: gia ikianza kucheza, usiende gereji na jina la kipuri mdomoni. Eleza dalili, kaa kwenye kiti utikise liva kama fundi anavyokuelekeza, kisha umwombe akuoneshe kwa tochi mahali mwendo unapopotea. Kazi ikiisha, dai bushi za zamani uzishike kwa mkono wako. Na hiyo saa ya tochi, ilipe.